Hofu ya Kesho Inapoufunga Mkono
Somo juu ya tamaa, hofu na ukarimu

 

Katika somo hili tutatazama jambo ambalo kila mmoja wetu analijua lakini tunaona haya kulisema mbele ya watu. Jambo hilo ni uchoyo. Wakati wa njaa tunasema sana juu ya uchoyo wa wengine. Ni mara chache tunasema juu ya uchoyo wetu wenyewe. Tunawaomba msome somo hili katika kundi, polepole, mkiwa na Biblia mkononi. Mwishoni mtapata maswali ya kuzungumza pamoja.

1. Gunia chini ya kitanda

Mwanzoni mwa mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake, watu wengi walikimbia kutoka Masisi. Wengine walikwenda Goma. Wengine walifuata barabara ya kando ya ziwa mpaka Minova, katika teritware ya Kalehe. Wengi walipokelewa katika nyumba za wenyeji, na wengine walilala katika madarasa na makanisa. Nyumba ya watu sita ikawa nyumba ya watu kumi na watano.

Katika mtaa mmoja tuliokuwa tukiutembelea kulizuka ugomvi. Mama mmoja mhami alikuwa amepata unga siku ya mgawanyo. Jirani yake, aliyekimbia vita kama yeye, hakupata kitu kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye orodha. Watoto wa jirani huyo walipolala njaa, mama yule aliombwa japo kopo moja la unga. Akajibu kwamba hana kitu. Wiki chache baadaye mvua kubwa ikapenya chini ya shitingi. Watu wakasaidiana kutoa vitu nje ili vikauke, na gunia likaonekana chini ya kitanda. Unga ulikuwa umeota ukungu. Haukufaa tena kupikwa bugali. Watu wakamtukana mama yule, na vijana wengine wakasema afukuzwe katika mtaa.

Tulikwenda kukaa naye. Tulikuwa tumetayarisha maneno makali juu ya dhambi ya uchoyo. Lakini kwanza tulimwuliza: "Mama, ilikuwa namna gani?" Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Wanangu, mimi nimekimbia mara tatu. Mara ya kwanza niliacha mavuno shambani. Mara ya pili niliacha mbuzi, na sufuria juu ya moto. Mara hii ya tatu mtoto wangu aliniomba chakula njiani siku mbili, na sikuwa na kitu cha kumpa. Nikaapa kwamba jambo hilo halitanipata tena. Kila usiku nilikuwa ninagusa lile gunia, ndipo ninapata usingizi."

Yale maneno makali tuliyoyatayarisha hatukuyasema. Tulielewa kwamba gunia lile halikuwekwa kwa ajili ya kula. Liliwekwa kwa ajili ya kulala usingizi. Na mwishowe halikumlisha mtu yeyote: si jirani, si mtoto wake, si yeye mwenyewe.

Wazee wetu walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli. Lakini moyo wenyewe ukiwa umejeruhiwa na hofu, utatoa namna gani?

2. Tajiri aliyesema peke yake

Tusome Luka sura ya 12, kuanzia mstari wa 13 mpaka wa 34. Habari hii inaanza na ugomvi wa urithi. Mtu mmoja anamwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye mali ya baba yao. Sisi watu wa Kivu tunaujua ugomvi wa namna hii, zaidi sana ugomvi wa mashamba. Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao. Badala yake anawaonya juu ya tamaa, kisha anatoa mfano wa tajiri aliyepata mavuno mengi, akataka kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi. Usiku ule ule akafa.

Tuangalie tajiri huyu alisema na nani. Hakusema na mke, wala na watoto, wala na wafanyakazi waliovuna, wala na jirani. Alijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Katika hesabu yake yote hayumo mtu mwingine hata mmoja. Tamaa humfanya mtu aishi peke yake hata akiwa katikati ya kijiji.

Tena tuangalie kinachofuata. Baada ya mfano huo Yesu anawageukia wanafunzi wake, ambao si matajiri, na kuwaambia wasihangaike juu ya chakula na mavazi. Anawaonyesha kunguru, wasio na ghala. Kwa nini anaunganisha maneno haya mawili? Kwa sababu tajiri mwenye ghala na maskini mwenye hofu wanaweza kushikwa na ugonjwa mmoja. Tajiri anasema, "Nikiwa na vingi zaidi nitakuwa salama." Maskini anasema, "Kama ningekuwa na vingi ningekuwa salama." Wote wawili wameweka usalama wao ndani ya gunia.

Mwishoni Yesu anawaambia kundi lake dogo wasiogope, na hapo ndipo anawaambia watoe sadaka. Utaratibu huo tuukumbuke: kwanza anashughulikia hofu, kisha anaomba ukarimu. Sisi mara nyingi tunamwambia mtu atoe, na akikataa tunamtukana. Hatumwulizi anaogopa nini.

3. Je, kuweka akiba ni dhambi?

Swali hili tunaulizwa kila mara. Tusome Kutoka sura ya 16. Wana wa Israeli walikuwa jangwani. Mungu aliwapa mana, pishi moja kwa kila mtu. Aliyeokota nyingi hakubakiza, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kuilaza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na harufu mbaya, sawa na unga wa yule mama wa Minova.

Lakini tusome mpaka mwisho. Siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili kwa ajili ya siku ya Sabato, na ile waliyoiweka siku hiyo haikuoza. Pia katika Mwanzo sura ya 41 Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno ya Misri iwekwe kwa miaka saba, ili watu wasife wakati wa njaa. Kwa hiyo Biblia haikatazi akiba. Mkulima anayekula mbegu yake yote si mkarimu, ni mtu asiyefikiri. Mama anayeweka unga kidogo kwa ajili ya mtoto mgonjwa hatendi dhambi.

Basi tutajuaje tofauti kati ya akiba na uchoyo? Sisi tunajiuliza maswali matatu:

- Kitu hiki nimekiweka kwa ajili ya nani? Akiba ina kusudi na ina watu. Uchoyo hauna jibu, unasema tu "labda".
- Nani anajua kwamba kipo? Akiba inaweza kusemwa mbele ya mtu tunayemwamini. Uchoyo unaishi kwa uongo.
- Jirani yangu yuko namna gani leo? Nikiweka kwa ajili ya mwezi ujao, na mtoto wa mlango wa pili anakufa njaa usiku huu, akiba yangu imegeuka kuwa kitu kingine.

4. "Lakini wenye tamaa ni wakubwa!"

Tunajua mtasema hivyo, nanyi mna haki ya kusema. Tangu mwaka 2001 ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi mali ya Kongo inavyoporwa na jinsi faida yake inavyolisha vita. Dhahabu yetu na koltani, kama ile ya Rubaya, zinafika mbali sana, lakini aliyekimbia Masisi analala chini ya shitingi. Hiyo ni tamaa kubwa kuliko gunia la unga. Hatutaki somo hili litumike kuwanyamazisha maskini huku wakubwa wakiendelea kula. Manabii wa Biblia hawakuwanyamazia wafalme. Eliya alimwambia Ahabu usoni kwamba amemwua Nabothi na kuchukua shamba lake.

Hata hivyo, tuangalie vita vinavyoendelea namna gani katika vijiji vyetu. Mwenye silaha anayetaka mali yuko. Lakini hawezi kuwapata vijana wa kumfuata bila kuwaambia maneno ya hofu: "Wale watarudi na kuchukua mashamba yenu. Wale ni wengi, watawamaliza. Mkiwaacha leo, kesho hamtakuwa na kitu." Hofu ya maskini ndiyo mlango ambao tamaa ya wakubwa inapitia. Madini hatuwezi kuyalinda sisi kwa mikono yetu. Mlango huu tunaweza kuufunga.

5. Neno kwa viongozi: orodha ni kazi ya kiroho

Tusome Matendo ya Mitume 6:1-6. Kanisa la kwanza lilikuwa na mgawanyo wa chakula kila siku, na kukatokea manung'uniko. Waumini waliosema Kigiriki walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa, na wajane wa Waebrania wanapata. Tunaona hapo lugha mbili, kundi la wenyeji na kundi la waliotoka mbali, na orodha yenye makosa. Je, si habari yetu?

Mitume wangeweza kusema, "Hawa ni wagomvi, hawana shukrani." Hawakusema hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakawaomba wachague watu saba wenye sifa njema. Waliochaguliwa ni Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kigiriki, na Nikolao alikuwa mtu wa Antiokia aliyeongokea dini ya Kiyahudi. Ni kama kusema kwamba kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu wa upande uliokuwa unalia. Huo ndio ujasiri wa kiongozi.

Ndugu viongozi, uchoyo wa watu huongezeka pale wanapoona orodha inafichwa. Mtu asipojua kama jina lake litakuwepo mwezi ujao, atashika kwa mikono miwili kile alichopata leo, na atajiandikisha mara mbili akiweza. Kabla ya kumhukumu, tujiulize kama sisi ndio tuliomfundisha hofu hiyo. Haya ni mambo machache tuliyoona yanasaidia:

- Orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu wote kabla ya siku ya mgawanyo, na kila mtu apewe nafasi ya kusema nani amesahauliwa.
- Katika komite wawepo wahami na wenyeji, wanawake na wanaume, na watu wa kila lugha ya mahali pale.
- Jetoni isiuzwe, na mwanamke asiombwe kitu chochote, wala pesa wala mwili wake, ili aandikwe. Anayefanya hivyo ashtakiwe, hata kama ni presidenti wa komite au mtumishi wa shirika kama sisi.
- Wana komite na jamaa zao wapokee mwisho.
- Familia maskini za wenyeji zinazopokea wahami zisiachwe nje. Nazo zimemaliza akiba zao.

6. Mjane aliyempokea mgeni

Katika 1 Wafalme sura ya 17 tunamkuta Eliya akiwa mkimbizi. Kuna ukame, na mfalme Ahabu anamtafuta. Mungu hampeleki kwa tajiri. Anampeleka Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa watu wa kabila lingine na dini nyingine, watu wa kwao Yezebeli aliyewaua manabii. Anayempokea ni mjane mwenye konzi moja ya unga na mafuta kidogo, anayeokota kuni ili apike mara ya mwisho, yeye na mwanawe, kisha wafe.

Eliya alipomwomba mkate, mjane alieleza hali yake waziwazi. Hakudanganya kama tunavyodanganya sisi. Na Eliya hakumlaumu. Alimwambia kwanza asiogope, kisha akamwomba mkate mdogo. Hapa tena utaratibu ni ule ule: hofu inatajwa mbele ya ukarimu. Unga haukuisha katika pipa. Biblia haisemi kwamba pipa lilijaa. Inasema tu kwamba halikupunguka. Kila siku walikula, mwenyeji na mgeni pamoja.

Wenyeji mnaowapokea wahami, mmefanya kazi ya mjane huyu, na mara nyingi bila mtu kuwashukuru. Wahami, tukumbuke kwamba mgeni naye anaweza kutoa. Tumewaona wanaomchotea maji mwenye nyumba, wanaomsaidia kulima, wanaoleta sambaza kidogo mezani siku waliyopata kibarua. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho sura ya 8, aliwaandikia Wakorintho kwamba hataki wengine wapate raha na wao wapate taabu, bali pawe na usawa: leo wingi wenu usaidie upungufu wao, na siku nyingine wao wawasaidie ninyi. Na hapo akakumbusha habari ya mana jangwani.

7. Kopo moja

Turudi katika mtaa ule wa Minova. Baada ya ugomvi, akina mama walikutana kanisani. Walikubaliana kwamba siku ya mgawanyo kila nyumba iliyopata ingetoa kopo moja katika beseni, kwa ajili ya wasioonekana kwenye orodha. Mwezi wa kwanza unga ulikusanywa, lakini aliyeutunza akapunguza. Nusura mpango ufe.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa amezoea kikundi cha AVEC akatoa wazo. Katika vikundi hivyo pesa huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo, na hesabu hufanyika mbele ya wanachama wote. Basi unga ukawa unapimwa na kugawiwa siku ile ile, machoni pa watu. Kisha wakaanza kuweka pia pesa ndogo katika sanduku la kufuli tatu, pamoja na mfuko wa jamii kwa ajili ya wagonjwa. Funguo moja alishika mwenyeji, nyingine mhami, ya tatu mke wa shemasi. Yule mama wa gunia alianza kutoa kopo lake mwezi wa pili. Aliendelea kuweka akiba kidogo chini ya kitanda, nasi hatukumlaumu, kwa sababu sasa jirani yake alijua kwamba ipo.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Januari 2025 vita vilifika Minova. Hofu ya yule mama haikuwa uongo: alikimbia mara ya nne. Lakini tulisikia kwa simu yaliyotokea. Milio ilipokaribia, wale watatu wenye funguo walikuja wote. Sanduku likafunguliwa, kila mmoja akapewa sehemu yake, na mfuko wa jamii ukalipa nauli ya mashua kwa wagonjwa wawili. Yule mama hakuweza kubeba gunia. Mtoto wake alibebwa mgongoni na jirani, yule yule ambaye watoto wake walilala njaa.

Hilo ndilo tunalotaka mkumbuke. Gunia halina miguu, bali jirani anayo. Hofu inatuambia tufunge mkono ili tuwe salama. Lakini siku mbaya ikifika, kinachobaki ni watu tuliowafungulia mkono, na Mungu anayetuona.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Ni kitu gani tulikipoteza katika kukimbia, ambacho bado kinatufanya tufunge mkono leo? Anayetaka kusema aseme. Asiyetaka asilazimishwe.
2. Je, tumewahi kumwita mtu mchoyo bila kumwuliza anaogopa nini?
3. Baadhi yetu tumerudi vijijini baada ya kambi za Goma kuvunjwa Februari 2025, tukakuta mashamba yetu yanalimwa na wengine. Je, wao wanaogopa nini? Na sisi? Nani anaweza kutuketisha pamoja kabla ya mtu kushika panga?
4. Orodha za mahali petu zinatengenezwa na nani? Nani hayumo?
5. "Kopo moja" letu wiki hii litakuwa nini, na nani atashika funguo?

Sala

Bwana Mungu, wewe unajua ni mara ngapi tumekimbia na vitu gani tumeacha nyuma. Tunakuletea hofu yetu, kwa maana hatuwezi kuiondoa sisi wenyewe. Utusamehe tulipomwambia jirani "sina" nasi tulikuwa nacho. Uwape viongozi wetu mikono safi. Wapo wanaotajirika kwa damu ya watu wako: uwaguse wageuke. Utupe chakula cha leo, na jirani wa kula naye. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.